Chuma Kisichogongwa

Wewe, mara ya mwisho kunawa mikono kwa sabuni ilikuwa lini? Usinionyeshe viganja. Viganja vya kila mtu ni visafi vikitazamwa. Nimeuliza lini. Haya, kaa na jibu lako, maana katika hadithi hii kila mtu alikuwa na jibu zuri, na watoto wakaugua vilevile.

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura kumdanganya fisi, bali zamani za juzi tu, mabomba yameshachimbiwa mitaro na maji hayajafika, palikuwa na kijiji cha wanawake wa chumvi. Wanaume walikuwapo, sikatai, lakini chumvi ilikuwa ya wanawake. Walifungulia maji ya bahari yakaingia majarubani, jua likayanywa yale maji likabakiza chumvi, na wao wakaikwangua kwa reki za mbao. Kazi rahisi kuisimulia. Chumvi ina tabia moja mbaya: ikiiva imeiva. Usipoikwangua leo, mvua ndogo ya kesho huigeuza maji, na jasho la msimu mzima likarudi baharini bila kuaga.

Sasa, mtoto mdogo hapelekwi majarubani. Chumvi itamchoma macho, itamtafuna nyayo. Kwa hiyo wanawake walijenga banda la makuti pembeni, wakapeana zamu. Leo fulani anabaki na watoto wote, wenzake wanakwenda. Kesho anakwenda yeye, anabaki mwingine. Hivyo ndivyo walivyoishi, mikono majarubani, masikio bandani.

Masikio, kwa sababu nje ya banda palining'inia chuma, ringi kuukuu ya lori, na nondo ya kugongea. Mtoto akianguka vibaya, chuma. Mtoto akichemka homa, chuma. Mtoto akitapika au akiharisha, chuma. Kikilia, kila mwanamke huacha reki na kusimama kama korongo, mpaka aitwe mwenye mtoto kwa jina, ndipo wengine wapumue.

Sharti hilo la kuharisha alilileta nesi wa zahanati, Sista Adventina, mwanamke mwembamba wa kutoka mbali ambaye hakujua kupamba maneno.

"Mtoto anayeharisha asiletwe bandani," alisema. "Akiharishia hapahapa, gongeni chuma, mama yake aje amchukue. Wala asirudi siku tumbo linapotulia. Likae limetulia siku mbili nzima, ndipo arudi. Ugonjwa huu hauruki kama mbu. Unatembea mkononi, kutoka kwenye choo cha huyu mpaka kwenye mdomo wa yule. Na mikono isichovywe. Maji yamiminike, sabuni iwepo."

Wote wakatikisa vichwa. Kutikisa kichwa ni kazi nyepesi kuliko kukwangua chumvi.

Wakatundika kibuyu chirizi karibu na choo, na kipande cha sabuni kwenye kamba, kikapata umaarufu: kila mgeni alipokuja, sabuni ilikuwa mpya. Lakini kabla ya uji watoto waliendelea kunawa kwenye beseni. Beseni moja, maji yaleyale, mikono yote. Hapo ndipo palipokuwa na mila yao, na mila hiyo ilikuwa na mlinzi, Bi Mkejina, mkubwa wao, aliyekuwa amelea bandani tangu banda likiwa miti minne na mkeka.

"Mtoto mpya akija, mama yake anamimina maji yake humu," alikuwa akisema. "Wakichanganya maji hawatengani. Ukimnawisha mtoto wa mwenzio peke yake umemwambia nini mwenzio? Umemwambia mwanao mchafu."

Sista Adventina aliondoka akiamini beseni limetupwa. Liligeuzwa tu juu chini mpaka alipotoweka machoni.

Katika wanawake hao alikuwapo Binuru, naye hakuwa na mtoto.

Aliolewa na Mfaume mwaka mmoja na wenzake, na wenzake walikwisha kuanza kugombana na watoto wao kwa habari ya shule. Watu walidhani anatamani kuzaa. Alitamani, ndiyo, lakini kutamani kwake kulikuwa kwa vitu vidogo zaidi, vile ambavyo wenye watoto huvilalamikia: bega lenye doa la maziwa, chakula kilichopoa kwa sababu mtu fulani mfupi amekataa kulala, mguu mdogo unaokukandamiza shingo alfajiri. Wenzake walipokutana asubuhi na kuanza, "Jamani, sikulala, huyu kanikeshesha," Binuru aliinamia reki yake. Yeye alikuwa amelala vizuri sana. Hakuna aliyejua jinsi usingizi mzuri unavyoweza kuuma.

Jaruba lake lilikuwa la mwisho, mbali na banda. Upepo ulipogeuka ukamletea sauti za watoto, alisimama kidogo na kusikiliza.

"Huyo Hamadi," alisema siku moja.

Hamadi alikuwa mtoto wa Esha, na Esha alikuwa dada yake Mfaume, wifi yake Binuru. Esha akacheka. "Wifi, umejuaje, na mimi mama yake sijamtambua?"

"Hamadi analia kwa ngazi. Anapanda, anapumzika, anapanda tena."

Wote wakacheka. Binuru naye akacheka, akarudia kukwangua, na chumvi ikamwingia jichoni. Au alisema ni chumvi.

Aliomba zamu. Aliomba mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa adabu, mara ya tatu akapeleka na bakuli la vitumbua.

"Mwanangu," Bi Mkejina akamwambia, akila kitumbua, "si kwa ubaya. Banda ni la wenye watoto. Ukiachiwa wote wale kwa mpigo utachanganyikiwa."

"Nitachanganyikiwa kwa furaha, Bi Mkejina."

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa."

Basi akarudi zake jarubani. Mikono majarubani, masikio bandani. Masikio yake yeye yalikuwa ya bure, hakuna chuma ambacho kingelia kwa ajili yake.

Ikafika wiki ambayo majaruba mengi yaliiva pamoja, na upande wa bara likasimama wingu jeusi, lenye kitambi. Zamu ya siku iliyofuata ilikuwa ya Esha, na jaruba la Esha lilikuwa jeupe pe, linasubiri reki.

"Mpeni wifi yangu zamu yangu," Esha akasema. "Chumvi yake bado, yangu itakufa."

"Hana mtoto," akasema mmoja.

"Ana mikono. Au tunanyonyesha kwa zamu siku hizi?"

Bi Mkejina akalitazama wingu, akalitazama jaruba lake mwenyewe, nalo jeupe. Mila ni mila, lakini na chumvi ni chumvi.

"Siku moja," akasema. "Tukirudi tukakuta banda salama, tutaongea habari ya kumwingiza kwenye zamu moja kwa moja."

Asubuhi ile Binuru alioga, akakata kucha, akavaa kanga aliyokuwa ameitunza sandukuni. Mfaume akamwangalia kutoka kitandani.

"Unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda kuposa."

Wakaja mmojammoja, wakikabidhi. Huyu asipewe muhogo. Huyu akinyamaza sana ujue anakula mchanga. Esha akamsukumia Hamadi mikononi bila maagizo. "Wewe unamjua kuliko mimi." Wa mwisho alikuja Somoe, anakimbia, binti yake Shani mgongoni. Shani alikuwa ameanza kutembea si zamani, maneno yake mawili matatu, nusu yake mate.

"Kalegea kidogo," Somoe akasema, anafungua mbeleko.

"Tumbo?" Binuru akauliza.

"Meno, shoga yangu. Bi Mkejina mwenyewe jana kamtia kidole ufizini."

"Kaharisha?"

"Nimekwambia meno! Huoni wingu lile? Mimi nina jaruba zima, sina mume wa kunisaidia, sina wifi wa kunipigania." Alikuwa keshageuka. "Mpe uji mwepesi!"

Na Bi Mkejina, aliyekuwa mbele na reki begani, akadakia bila kugeuka, "Meno hayo! Hakuna mtoto anayeota meno na tumbo likabaki salama."

Wakaenda. Binuru akabaki na watoto wote.

Sitaki kukudanganya kwamba alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alifuta makamasi, aliamua ugomvi wa kijiko, aliimba wimbo wa kuku mpaka kuku mwenyewe akachoka akaondoka. Mtoto mmoja akamkojolea, naye Binuru akalitazama lile doa la kanga aliyoitunza sandukuni, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Shani hakucheza. Shani alitaka kubebwa. Akabebwa, akaegemeza kichwa pale shingo inapokutana na bega, mwepesi, ana joto, akatulia. Binuru akatembea naye polepole huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaona kuwa pale mahali palitengenezwa kwa kazi hiyo.

Ndipo Shani akaharisha.

Maji matupu. Yalipita kwenye nepi ya kitambaa, yakashuka kiunoni mwa Binuru, na harufu yake haikuwa ya meno. Binuru hakuwa amezaa, lakini siku Sista Adventina alipofundisha, wenye watoto walikuwa wanasinzia. Yeye alikaa mbele, anasikiliza kila neno kama mtu anayesomewa habari za nchi anayotaka kuhamia. Alijua anachokiona.

Akatoka nje. Akaifikia ile ringi. Akaishika nondo.

Kutoka pale aliwaona wote, migongo imeinama, reki zinakwenda na kurudi. Alimwona Somoe, peke yake katikati ya weupe, anakwangua kama anayefukuzwa. Pigo moja tu, na Somoe angesimama. Pigo moja, angekuja mbio, angefungua mikono, na mtoto angekwenda kwa mwenyewe.

"Ma," akasema Shani shingoni mwake.

Mtoto wa umri ule huita ma hata ndoo ya maji. Huenda alimwita mama yake. Huenda aliachia pumzi tu. Yote hayo Binuru aliyajua. Aliirudisha nondo mahali pake taratibu, isije ikagusa chuma.

Kidogo tu, alijiambia. Anywe uji kwanza. Alale kwanza. Nikigonga sasa nitamwamsha. Kila alipomaliza sababu moja alipata nyingine, na zote zilikuwa za huruma.

Alimsafisha mtoto. Akaenda kwenye kibuyu chirizi akanawa, lakini kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umembeba Shani, na hakutaka kumweka chini. Mkono mmoja haujioshi. Hilo halihitaji nesi. Ukafika wakati wa uji, watoto wakakimbilia kwenye beseni kama kawaida yao, wakachovya, wakarushiana maji, wakacheka. Shani naye akainama kutoka kiunoni mwa Binuru akazamisha kiganja chake. Binuru alikiona kikizama. Angeweza kumwaga yale maji. Lakini kumwaga maji ya beseni, watoto wangesema nyumbani, na nyumbani wangeuliza kwa nini.

Uji ukanywewa. Shani akalala juu ya kifua chake mchana kutwa. Aliharisha tena, na Binuru akafua tena, kimya kimya, kama mwizi anayefua nguo za mwenye nyumba.

Jioni wakarudi. Banda limefagiwa, watoto wamekogeshwa. Somoe akanyoosha mikono. "Alikuwaje?"

"Alilala sana," akasema Binuru.

Haukuwa uongo. Uongo ulioiva vizuri huwa hauna uongo ndani yake.

Bi Mkejina akazunguka bandani, akapitisha kidole hapa na pale, akasema, "Mh." Kwa Bi Mkejina, hiyo ilikuwa ngoma na vigelegele. Na lile wingu lenye kitambi likapita juu yao, likaenda kunyesha kwa watu wengine. Halikudondosha tone.

Kesho yake akatapika Hamadi. Akafuata jirani yake wa mkekani. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka chuma kikawa kinalia na hakuna tena wa kuuliza ni cha nani. Wanawake wakaacha chumvi. Banda likawa wodi.

"Wanyimeni maji," Bi Mkejina akaamuru. "Kinachoingia ndicho kinachotoka. Nani anamimina maji kwenye mtungi uliotoboka?"

Hapo Binuru akasimama. Hakuwahi kumjibu Bi Mkejina mbele ya watu.

"Mtungi uliotoboka usipoongezwa, Bi Mkejina, unakauka. Tunaongeza."

Akamtuma Mfaume zahanati akarudi na zile pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akakoroga pakiti nzima kwenye lita nzima, si nusu kwa kubana wala mbili kwa kuongeza nguvu. Akampa kila mama kikombe na kijiko.

"Kijiko kimoja. Subiri. Kijiko kingine. Akitapika, usikate tamaa wala usimlazimishe. Pumzika kidogo, kisha anza tena, polepole zaidi. Anayenyonya anyonye."

"Na beseni?" akauliza mmoja.

Binuru akaliinua, akamwaga maji, akalitoa nje kwenye jua. Bi Mkejina aliona. Safari hii hakulirudisha.

Wazima wakatengwa upande wa pili. Nepi na kanga zikachemshwa, uchafu ukapelekwa chooni, usimwagwe nyuma ya banda. Binuru akasimama kwenye kibuyu chirizi kama askari wa forodhani. "Mikono. Yote miwili. Katikati ya vidole pia, dada, vidole navyo ni mikono." Hakukaa. Hakula mpaka Mfaume alipomletea chakula na kumsimamia. Waliomtazama walisema, huyu ana moyo. Hakuna aliyejua kilichokuwa kinamkimbiza.

Wengine wakaanza kupata nafuu. Hamadi hakupata. Macho yake yalizama, midomo ikakauka, akalia bila machozi, halafu akaacha kulia. Binuru akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ikabaki imesimama, ikarudi kwa uvivu kama nguo kuukuu. Akamwekea kijiko mdomoni, maji yakatoka pembeni.

"Wifi," akasema, "hapa kijiko kimefika mwisho. Huyu ni wa zahanati. Sasa hivi."

"Bi Mkejina anasema tusubiri, atazinduka—"

"Esha! Huyu mtoto ninamjua kwa kilio chake, na sasa hivi hana kilio. Panda pikipiki."

Mfaume akaendesha, Esha katikati na mtoto, Binuru nyuma akiwashikilia wote. Sista Adventina hakuuliza mengi. Alitafuta mshipa mkono wa kulia akaukosa, akatafuta wa kushoto akaukosa, akaupata kichwani, akatundika dripu. Alipomaliza akasema, "Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa natafuta mshipa kwa mtu asiyeuhitaji." Nimeshasema hakujua kupamba maneno.

Hamadi akapona. Wote wakapona. Chumvi ya baadhi yao ikawa imekufa, lakini hakuna aliyezika, na walipokuwa wamepumua, wakafanya lile ambalo watu hufanya wakishapumua. Wakatafuta wa kumlaumu.

Walikutana bandani asubuhi, kila mmoja na mwanawe mapajani. Esha ndiye aliyeanza, Hamadi kamlalia begani, amekonda shingo kama kifaranga.

"Nataka kujua nani alimleta huyu mgeni," akasema. "Wa kwanza kulegea alikuwa Shani. Somoe, mwanao alikuwa anaharisha nyumbani?"

Somoe akatazama chini. "Alikuwa anaharisha."

Banda likaguna.

"Niacheni niseme! Alikuwa anaharisha, na nilimwuliza mkubwa wetu, na mkubwa wetu akasema meno. Nani kati yenu angemkatalia Bi Mkejina? Na chumvi yangu imeiva, na wingu mmeliona kwa macho yenu. Ninyi mkikosa chumvi mna waume. Mimi nikikosa chumvi nina nani? Nilikosea. Lakini nilikosea kwa mkono wa mwingine."

Bi Mkejina akajikohoza. Siku zile alikuwa amepungua kimo.

"Nilisema meno," akasema. "Mama yangu alisema meno, na bibi yangu alisema meno, na wote walilea. Na beseni ni langu, sikatai, nesi alinikataza nikalirudisha. Lakini beseni halina tumbo, wanangu. Beseni halizai ugonjwa. Lilichanganya kile kilicholetwa. Kisingeletwa, watoto wangenawa wakacheka kama watoto wote waliotangulia, na ninyi wenyewe mkiwamo. Mkono upi haukunawia pale?"

Wakazozana. Huyu akasema Somoe. Yule akasema beseni. Mmoja akasema Shani asikanyage tena bandani, wala mama yake asipewe zamu, na wengi wakaitikia. Somoe akamkumbatia mwanawe. Wote walijua maana yake: mwanamke asiye na banda hana jaruba.

"Basi," Esha akasema, akanyanyua mkono. "Wa kuondoka ameshajulikana. Tuseme wa kubaki. Nani alibishana kuhusu maji? Nani alichemsha, nani alifua, nani alimpakia mwanangu kwenye pikipiki na mimi mama yake nimesimama kama gogo? Wifi yangu. Tulimnyima zamu kwa sababu hakuzaa. Mimi nasema, si zamu. Apewe banda. Banda zima, kila siku, mambo yote yawe chini yake. Bi Mkejina apumzike. Watoto wetu wote wawe wake tangu asubuhi mpaka jioni."

"Apewe!" wakasema.

"Apewe," akasema na Bi Mkejina, kwa sauti ndogo.

Wakamgeukia Binuru. Kila asubuhi. Wote. Kilio cha kila mmoja, mafua ya kila mmoja, na hakuna tena wa kumwambia banda ni la wenye watoto. Alitakiwa kusema ahsante tu. Hata kunyamaza kungetosha. Kunyamaza alikuwa anakuweza.

Alimtazama Shani. Shani hakumtazama. Alikuwa mapajani mwa Somoe, anamshangaa kuku, hamkumbuki mtu.

"Somoe asiondoke," akasema Binuru.

"Wifi, acha huruma," Esha akasema. "Alituficha."

"Alinificha mimi asubuhi. Hakunificha mchana. Nilijua, Esha. Kabla ya uji. Shani aliniharishia kiunoni, nikaona maji, nikajua. Nikatoka nje nikashika nondo. Nilikuwa nawaona wote mnakwangua. Nikairudisha."

Esha akamvuta Hamadi karibu na kifua.

"Ulisahau sharti?" Esha akauliza, taratibu, kama anayemwekea mtu daraja avuke.

"Sikusahau. Nililijua kuliko ninyi nyote. Nikaona na mkono wake ukizama kwenye beseni, nikaacha. Ningegonga, mama yake angekuja kumchukua. Nami nilitaka awe wangu mpaka jioni."

Basi nijibuni, ninyi mliokuwa mnaguna pamoja nao. Somoe alijua akaita meno. Bi Mkejina alikatazwa akarudisha beseni. Binuru alinyamaza watoto wakaugua, akasimama watoto wakapona, kisha akasema pale ambapo kusema kulimnyang'anya kila kitu. Kesho chumvi inaiva, na lazima mtu abaki na watoto. Je, nani alistahili kuachiwa banda?